Kiingereza cha Moshi Mbele ya Wakwe

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi, ndipo nilipoanza kumharibia mpwa wangu posa, na hadi leo nikipita Riruta ninaishusha kofia mpaka kwenye nyusi (ninayo moja tu, na wanaijua).

Otieno alitaka kumwoa Wambui, binti wa mwenye ploti za kupangisha kule Riruta, ukitoka tu Kawangware. Sisi ni wapangaji wa Kisumu Ndogo, Kibera, kwa hiyo ukoo ulikaa ukaamua msemaji niwe mimi, fundi wa redio niliyeishia darasa la saba, kwa sababu Kiingereza nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mtumba, na juma lile nilikuwa kwenye sura inayoeleza jinsi wasomi wanavyosema mambo kwa jumla bila kujifunga: "more or less", "generally speaking", "to the best of my knowledge". Nilizipenda mno. Mimi huchukia kusema nisilo na hakika nalo, na sasa nilikuwa nimepata njia ya kiungwana, basi nikakata shauri kwamba siku hiyo sitajibu swali lolote bila kutanguliza mojawapo.

Baba yake Wambui aliuliza kwanza kama kijana ana kazi.

"More or less," nikajibu. (Otieno ni fundi wa stima, mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja. Ningesemaje anayo kabisa?)

Shangazi yake Wambui, ambaye wote walimwita Tata, akawatafsiria wazee: "Anasema kazi iko, lakini haiko sana."

"Na pombe?"

"Generally speaking, no."

"Kwa kawaida hanywi," Tata akatafsiri, kisha akanitazama juu ya miwani. "Na siku zisizo za kawaida?"

Mwenye akili angenyamaza hapo, lakini nilikumbuka bia mbili za harusi ya binamu yake, nikaanza kufafanua, nikaongeza "to some extent", yaani kwa kiasi fulani, Otieno akanikanyaga mguu, nami nikadhani ananipongeza.

"Haya," baba yake Wambui akasema. "Ako na bibi mwingine?"

"To the best of my knowledge," nikasema kwa sauti ya hakimu, "none."

"Ati kwa kadiri anavyojua yeye, hana!" Tata akapaza sauti. "Wewe ni mjomba wake na hujui? Ngai! Sasa nani anajua?"

Wambui, aliyekuwa akimimina chai, aliweka birika chini akaingia ndani, na tukamsikia akilia. Baba yake akasogeza kikombe chake kando.

"Msemaji, Kiingereza yako ni ya moshi, sioni mbele. Kijana ako na bibi ama hana?"

Nikajaribu kuokoa mambo. "In a manner of speaking, he is single," yaani, tukiweza kusema hivyo, hana mke.

Tata akashika mkoba. "Basi mimi naenda. Huyu ako na bibi ushago, huko kijijini kwao, na watoto juu."

"Anko, wacha Kiingereza, utaniua," Otieno akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga.

Aliyesimama ni dada yangu, mama yake Otieno, ambaye tangu tuingie alikuwa ameketi nyuma yangu. "Huyu mtoto nimemzaa mimi. Hana bibi. Kama ako naye, leo nirudi Kibera kwa magoti."

Mzee akacheka, akatuma Wambui aitwe. Tata hakucheka. Kwao msemaji akiwakosea wenyeji hupigwa faini, naye akadai mbuzi, "na si mbuzi wa more or less," tena nisimame niseme kwa Kiswahili, sentensi moja, Wambui akisikia.

"Otieno hana mke."

"Sauti!"

"Otieno hana mke!" nikapaza, hata wapangaji wakachungulia madirishani, na Wambui, macho mekundu, akaokota birika akaendelea kumimina.

Posa ilikubaliwa alasiri ile. Ninaapa sitasema tena kwa jumla pale mtu anaposubiri ndiyo au hapana ili apate usingizi. Mbuzi nilimnunua Dagoretti kwa pesa yangu, shilingi elfu kumi na moja na mia tano.