Kwenda Brampton Kununua Zohali

Nilikwenda Brampton kununua gari la kampuni iliyokwisha kufa, na kabla sijaliona hata kwa picha nzuri nilikuwa nimelikatia bima. Ndivyo nilivyo. Mambo madogo nayapanga mpaka yanachoka, makubwa nayaogopa mpaka yananipita. Ninyi mliobaki nyumbani mnakumbuka jinsi nilivyorudisha viatu vya shule dukani kwa sababu uzi wa kushoto ulikuwa mweupe kuliko wa kulia. Sijapona. Hapa Toronto nimekataa magari mazuri kwa sababu ya doa moja kwenye kiti, na naendelea kupanda basi.

Gari lenyewe ni Saturn, jina la ile sayari yenye pete ambayo shuleni tuliiita Zohali. Mimi naliita Zohali tu. Kampuni kubwa ya Detroit ilianzisha chapa hii ili ipambane na magari madogo ya Kijapani, ikaijengea kiwanda chake Tennessee na kuipa desturi zake. Milango ilikuwa ya plastiki, haibonyei ukiigonga na toroli la supamaketi. Bei ilikuwa moja kwa wote, hakuna kupatana. Na siku ya kukabidhiwa ufunguo, wafanyakazi wa duka waliacha kazi zao, wakamzunguka mnunuzi, wakampigia makofi na kumpiga picha. Watu walilipenda kiasi kwamba maelfu walisafiri mpaka kiwandani kusherehekea kuwa na gari la aina moja. Kisha uchumi ukatikisika, kampuni mama ikaelemewa, aliyetaka kuinunua chapa akajitoa, na Zohali ikazikwa.

Mimi ufundi nimejifunza kwa video za simu, kwenye maegesho ya ghorofa letu Malvern. Injini ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya Zohali la jirani, nikaifunga tena na ikawaka, nikalia kama mtu aliyezaa. Tangu hapo nimo kwenye kundi la mtandaoni la wenye magari haya. Wanalisema gari lao kama watu wanavyomsema mjomba: linakunywa oili kama mgeni wa harusi anavyokunywa soda, dari lake linalegea, plastiki yake inalia baridi ikizidi, na hawaliuzi.

Ndiko nilikokuta tangazo la Lourdes, mama mmoja wa Brampton, mji jirani na Toronto. Baba yake macho yamefifia, haruhusiwi tena kuendesha, na nafasi yake gerejini inahitajika. Asipopatikana mtu wa kulinunua mwishoni mwa wiki, Jumatatu lori la vyuma chakavu litakuja kulichukua. Nilipopiga simu nikasikia sauti ya mzee nyuma yake, kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka: "Mwambie asichelewe!"

Jumamosi asubuhi, Malvern. Kaka yangu Mutuku, ambaye naishi naye, alinikuta mlangoni nimeshika tochi, glavu, kibali cha muda cha barabarani na bahasha yenye pesa.

"Ukirudi bila hilo gari, Mwende," akasema huku anapiga mswaki, "neno gari lisitajwe tena katika nyumba hii."

"Na kama lina kasoro?"

"Lina kasoro. Ni gari la kampuni iliyokufa! Nenda."

Basi la jiji lilinishusha Kennedy, nikaingia treni ya chini ya ardhi na kuipanda mwisho hadi mwisho, mpaka Kipling. Njia nzima nilijihubiria. Nilikuwa nimeamua kuiheshimu historia: gari liliuzwa kwa bei moja, basi nami nitalinunua kwa bei moja. Mzee akitaja bei, nitakubali. Kusema kweli, uamuzi huu ulinifaa sana, kwa sababu sijui kupatana. Sokoni mama ndiye aliyepatana. Mimi nilisimama nyuma yake nikitamani vitunguu vinifunike.

Kutoka Kipling nikaunga basi kwa basi hadi Brampton. Nyumba za kule ni mpya, ndefu na nyembamba, na zinafanana kama vikombe vya seti moja. Kila moja ina kidirisha cha chumba cha chini ambako kuna mpangaji, na magari yamejaa mpaka ukingoni mwa barabara. Nilipita nyumba yao mara mbili. Kilichonisaidia ni gereji iliyokuwa wazi, na ndani yake boneti la kijani cha chupa, na mbele yake mzee mwembamba katika sweta, amekaa kwenye kiti cha plastiki kama mlinzi.

"Hodi, Uncle."

"Umechelewa."

"Nimewahi, Uncle. Tulisema saa sita."

"Mimi niko hapa tangu alfajiri. Kwangu umechelewa. Karibu."

Mzee Inasi ni Mgoa aliyezaliwa Tanga. Alikuwa karani wa bandari, akaja huku na mkewe Rosa, sasa marehemu, wakiwa vijana. Lourdes akatuletea chai ya tangawizi na sambusa, akanisalimu kwa Kiingereza, na baba yake akamkatiza: "Sema Kiswahili, mgeni huyu ni wa kwetu." Lourdes akacheka, akaendelea na Kiingereza chake.

Nikavaa glavu. Nililizunguka gari na tochi, nikalala chini, nikainuka. Kasoro niliziona zote. Hiyo ndiyo karama yangu na ndiyo laana yangu. Lakini nilinyamaza. Nilishakula sambusa za mzee, nitamtukaniaje gari? Nikatabasamu. Yeye akajiweka sawa kitini, akakohoa, akataja bei. Ilikuwa kubwa. Hata mimi nilijua ni kubwa.

"Sawa," nikasema.

"Sawa nini?"

"Sawa, nakubali." Nikatoa bahasha.

Mzee Inasi akaniangalia kama mtu aliyemwagiwa chai. Akasimama, akafunga boneti, akauchukua ufunguo juu ya meza ya vifaa na kuutia mfukoni.

"Siuzi."

"Daddy!" Lourdes akasema.

"Siuzi! Lori na lije Jumatatu. Lori nalo litasema sawa."

Nikauliza nimekosea wapi. Mzee akavuta kiti karibu.

"Binti, mimi nimepatana bei ya samaki. Nimepatana bei ya kitambaa. Nimepatana bei ya jiwe la kaburi la mama yangu, na yule mchonga mawe tukawa marafiki. Halafu siku ninanunua kitu kikubwa kuliko vyote, kijana mwenye tai ananionyesha karatasi: bei ni hii. Nikamwambia, basi naondoka. Akasema karibu tena. Nikatembea mpaka mlangoni, polepole, ili aniite." Akainua kidole. "Hakuniita!"

"Mummy ndiye aliyemrudisha," Lourdes akaniambia. "Alikuwa amekwisha kaa ndani ya gari."

"Rosa alilipenda, nifanye nini? Nikalipa. Kisha wakatoka wote, mpaka mwosha magari, wakatuzunguka wakatupigia makofi. Binti, sikiliza. Muuzaji akikupigia makofi, jua umeumia. Tangu siku ile naendesha hili gari kama la kuazima. Na leo, mara yangu ya mwisho, wewe unakuja na 'sawa' yako!"

Nilimwomba radhi, nikamshukuru Lourdes kwa chai, nikavua glavu, nikachukua mkoba wangu nikatoka. Lazima niseme wazi, maana Mutuku anasimulia vingine: haikuwa ujanja. Nilikuwa naenda zangu kituo cha basi, macho yamejaa machozi, natunga maneno ya kumwambia. Nimefika karibu na sanduku la barua la jirani nikasikia:

"Wee binti! Rudi! Rudi tuseme!"

Nikageuka. Mzee Inasi alikuwa amesimama katikati ya njia ya gari, mkono juu, uso umechangamka kabisa. Aliamini nimeanza kupatana.

Nikarudi. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupoteza kila kitu, nikafungua mdomo.

"Bei ile haiwezekani, Uncle. Mlango wa nyuma wa kulia si rangi moja na mingine."

"Ah!" Akapiga paja. "Umeona! Rosa alirudi nyuma akaukwaruza kwenye mashine ya theluji ya jirani, plastiki ikapasuka. Mimi nikatoa mlango kwenye gari jingine lililokufa. Nikataka kuupaka rangi, akakataa. Alisema hivi atalitambua gari lake popote. Huo mlango unaongeza bei."

"Unapunguza. Na linakunywa oili."

"Wewe hunywi chai?"

"Dari limelegea, limeshikwa na pini."

"Pini za kushonea za Rosa! Wajukuu walikuwa wanazihesabu njia nzima mpaka Niagara, hawasumbui mtu. Nikutolee gari lenye redio ya watoto, tena unipunguze?"

"Pini zina kutu, Uncle."

"Kutu ndogo!"

"Kutu ni kutu."

Lourdes alikuwa ameegemea ukuta, kiganja mdomoni. Mzee alishusha bei. Nikataja yangu, ambayo siiandiki hapa kwa aibu, na yeye akauliza kama kwetu watu hununua magari au huyaokota. Nikasema kwetu anayetaka bei ya dhahabu huuza dhahabu. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nadhani ni ya mama, yalikuwa yamekaa ndani yangu tangu siku za vitunguu. Nikataja tairi, nikataja kioo cha pembeni, nikataja mlio wa klachi. Kila kasoro niliyoitoa yeye aliipokea kama mtu anayeonyeshwa picha ya zamani, akaniambia ilikotoka.

Kisha nikafungua mlango wa abiria, wa mbele. Kiti kile kilikuwa na shimo. Kitambaa hakikuchanika, ila sifongo ilikuwa imelala, umbo la mtu mmoja aliyekaa hapo miaka mingi. Upande wa dereva haukuwa hivyo hata nusu. Nilikiangalia, nikainua macho, nikakuta mzee ananiangalia mimi.

"Na kiti?" akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Kiti hakina kasoro, Uncle."

Mzee akageuka akapangusa boneti kwa mkono wa sweta, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Kisha akashusha bei tena, mimi sijasema neno.

"Umenimaliza," akasema na kunitupia ufunguo. "Umeniacha na shati tu. Lourdes, mpe oili ile iliyobaki, na chupa ya achari, maana amekwisha chukua vyote."

Nilipotoka gerejini kwa kurudi nyuma, alisimama mlangoni na mikono amekunja kifuani, kama mtu aliyeporwa mchana kweupe. Makofi hakupiga. Nimepata vyeti maishani mwangu, lakini hakuna kilichonifurahisha kama ile sura.

Mchana, barabara ya 401. Sikuwa nimewahi kuendesha humo peke yangu. Ni pana kama mto wa mafuriko, na malori yanakupita kushoto na kulia kama majengo yaliyopata miguu. Nilishika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Mlango wa rangi nyingine ulikuwa unapiga mluzi. Pini juu ya kichwa changu zilikuwa zinametameta. Nikajaribu kuorodhesha kila kinachogonga, kama kawaida yangu, na karibu na njia ya kutokea ya Neilson nikagundua nimeacha kuorodhesha zamani na nilikuwa naimba.

Malvern, kwenye maegesho. Mutuku alikuwa ananisubiri na majirani wawili. Nilipozima injini, akaanza kupiga makofi.

"Acha!" nikapiga kelele kupitia dirishani. "Usipige makofi!"

"Kwa nini?"

"Acha tu!"

Nikampigia simu Mzee Inasi kumwambia nimefika salama. Akauliza kama limekunywa oili. Nikasema kidogo.

"Ungeweza kunishusha zaidi, unajua."

"Najua, Uncle."

"Hm." Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. "Mwenye gari la watu hapatani bei, binti. Leo ndiyo lilikuwa langu. Kwa muda wa chai moja, lakini lilikuwa langu."

Nilidhani nimekwenda Brampton kutafuta Zohali lisilo na kasoro kuliko mengine. Nimerudi na moja ninaloweza kulisimulia kasoro zake zote, na kila moja ina jina la mtu. Macho yangu bado ni yale yale, msifikiri nimekuwa mtulivu. Ila nimejua yanaweza kufanya kazi nyingine.

Mutuku alikwisha lizunguka gari na sasa alikuwa anaingia upande wa abiria. Akatumbukia.

"We Mwende! Hiki kiti kina shimo!"

"Hakina," nikamwambia. "Funga mkanda."