Kijiko cha Plastiki

Muuzaji hapa Riyadh anafungua chupa ya thina ya kuzimulia rangi, na harufu yake inanirudisha Jeddah, kwenye kibaraza chetu. Baba alishachanganya rangi ya fedha na thina ya magari. Bomba la kupulizia lilikuwa mkononi, na ndege ya plastiki tuliyoiunganisha mwezi mzima ilikuwa mbele yake.

"Baba, jaribu kwanza kwenye kijiko."

"Wewe kila kitu wataka ushahidi? Muuzaji kasema inafaa, halas."

"Kwani yeye ameshawahi kuunda ndege?"

Baba akacheka, akapulizia kijiko cha plastiki. Kikavimba, kikanata, kikashika alama ya kidole chake. Akaitazama ndege yetu, akanikabidhi bomba.

"Inafaa plastiki kabisa," muuzaji wa hapa Riyadh ananiambia.

Natoa kijiko mfukoni.