Neno Moja la Mama Bakiza

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Bakiza, maana hilo ndilo lililomtoka kinywani tangu asubuhi hadi jioni. "Bakiza maji hayo, ni ya deki." "Bakiza hilo shati, litatoa vitambaa vya jikoni." Sabuni ikibaki nyembamba kama ukucha, aliitia kwenye soksi iliyopoteza mwenzake, na soksi ile ikasugua masufuria mpaka povu likaisha kabisa. Maji ya kuoshea mchele yalinywesha mboga alizozipanda kwenye magunia makuukuu kando ya ukuta wa uani. Vumbi la mkaa alilifinyanga mabonge, akayaanika, akayapikia chai. Wenye midomo yao walisema ana mkono wa birika. Yeye alicheka tu. Alikuwa mpishi wa shule, na kila siku ya kazi aliona chakula kizuri kikienda jalalani. Alijiapiza kwamba kwake hakitamwagwa kitu.

Lakini fahari yake hasa ilikuwa kapu. Lilikuwa kapu pana, ndani limetandikwa mablanketi ya zamani, juu lina mto uliojazwa matambara. Alfajiri alichemsha maharage yaliyolala ndani ya maji. Yakishatokota vya kutosha, aliipua sufuria mbiombio, akaitumbukiza kapuni, akaishindilia mto, akazima jiko na kwenda zake kazini. Akirudi mchana anakuta maharage laini, na mkaa haujaguswa tena. Kitinda mimba wake, mtoto wa kike ambaye hata shule hajaanza, aliamini kwamba mle ndani kuna mtu anayepika.

Kapu hilo hakumruhusu mtu kuligusa. Hata binti yake mkubwa, aliyekwisha kumpita kimo, alifukuzwa. "Niachie mwenyewe. Ukilifunua tu, umeniharibia."

Kiharusi kilimkuta jikoni mwa shule, ameinama anakamua tambara. Mkono wa kulia ukalegea, akaanguka, na tambara likabaki limeng'ang'aniwa na mkono wa kushoto. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, upande mzima wa kulia ulikuwa kama gogo. Akili ilikuwa ile ile, timamu kabisa, anasikia kila kitu na kuelewa kila kitu. Ila maneno yote yalikuwa yamemkimbia, likabaki moja: bado.

"Unaumwa, mke wangu?"

"Bado."

"Umeshiba?"

"Bado."

Basi wanamwongezea uji, naye tumbo limejaa hadi kooni, machozi yanamlengalenga, na anachotaka kusema ni: jamani, bomba la uani linadondoka, mtu alifunge.

Mumewe alikuwa fundi rangi, mtu mpole, anayejua kuchanganya rangi yoyote lakini hajui chumvi inakaa wapi. Alimwita dada yake aje kusaidia. Wifi alikuja siku hiyo hiyo na mabegi mawili, mwanamke wa maungo, mwenye huruma nyingi na haraka nyingi zaidi. Alimwogesha mgonjwa, akampaka mafuta, akambadilishia shuka, akamwimbia. Kwa hayo Mama Bakiza angembusu mikono kama angeweza. Kisha wifi akasimama mlangoni, akashika kiuno na kuitazama nyumba.

"Wifi yangu, ndiyo maana umeugua. Huu si uchafu huu? Chupa, makopo, matambara, ndoo ya maganda inanuka! Pumzika wewe, leo nakusafishia."

Kitanda kilitazamana na mlango wa uani. Mama Bakiza aliona yote. Alimwona wifi akiyapindua mapipa ya maji ya mvua eti yanafuga mbu, akayagawa kwa jirani. Alimwona akifagia vumbi la mkaa na kulimwaga mtaroni. Halafu mzoa taka akaingia na mkokoteni wake, wakaanza kupakia, makopo kwanza, kisha magunia ya mboga, udongo ukimwagika njia nzima.

"Bado!" alipiga kelele. "Bado! Bado!"

"Najua bado, wifi yangu, usijali," wifi alimjibu kwa upendo, jasho likimtiririka. "Nakaribia kumaliza."

Ndipo alipoliona kapu, limebebwa juu chini, mto wake ukining'inia. Mama Bakiza akajivuta kwa mkono ulio hai, akajisukuma ukingoni, akaanguka chini kwa kishindo. Akatambaa. Shavu lake lilikuwa sakafuni wakati magurudumu ya mkokoteni yalipotoka langoni.

Wifi alimkimbilia akilia. Jioni alimsimulia kaka yake kwamba mgonjwa alitaka kwenda chooni akashindwa kusema. Wakaegemeza benchi kando ya kitanda ili asianguke tena.

"Angalau nyumba inapumua sasa," alisema mumewe, akigeuka huku na huku. "Dada, Mungu akubariki."

Mama Bakiza alifumba macho. Hakuwa na hasira nao, na hilo ndilo lililomtesa. Angewakasirikia angalau angepata pa kushika.

Haikuchukua muda maji yakazidi unga. Mvua zikaanza, na mvua ni adui wa fundi rangi. Kuta za nje hazishiki rangi, kazi zikasimama. Mkaa ukawa ghali, na wifi alipika kama anayepikia harusi, jiko linawaka asubuhi hadi jioni, chakula kikishaiva moto unaendelea kupasha hewa. Gunia lililokuwa likifika mwisho wa mwezi likaisha kabla ya nusu. Kisha bomba kuu la mtaa likapasuka, maji yakakatika.

Hapo Mama Bakiza alikaribia kupoteza akili. Alilala akiitazama mvua ikimiminika kutoka kwenye bati, maji safi, maji ya bure, yakianguka penye alama za mviringo yalipokuwa mapipa, yakikimbilia mtaroni. Na kwenye kona ya chumba mumewe anamuuliza dada yake: "Leo tunakunywa nini?"

"Bado," alisema mgonjwa, akinyoosha kidole uani. "Bado, bado, bado."

"Anaona baridi," alisema mumewe, akaenda kufunga mlango.

Siku ile walikula maharage mabichi nusu, kwa sababu mkaa ulizimika njiani. Kitinda mimba akaugua tumbo. Alijikunja miguuni pa mama yake akilia, "Mama, mwambie yule mtu wa kwenye kapu arudi." Mama Bakiza alimshika kichwa kwa mkono wa kushoto. Aliwaza kwamba maisha yake yote amebakiza kila kitu, hadi nyuzi za nguo, ila ujuzi wake hakumbakizia mtu. Aliufungia rohoni kwa kuogopa watamharibia. Sasa umefungwa humo, na ufunguo umepotea.

Binti mkubwa ndiye aliyemwona akitikisika kwa kilio. Akavuta benchi, akaketi, akamshika mkono.

"Mama, mimi nitataja vitu. Nikipatia, nifinye. Usiseme chochote, finya tu. Dawa?"

Mkono ulitulia.

"Maji? Mtoto? Chakula?"

Akafinywa.

"Chakula. Unataka kula? Hapana. Kupika? Ndiyo. Kupika… mkaa? Sufuria?" Msichana akamwangalia mama yake, kisha akaweka kiganja mdomoni. "Kapu! Mama, ulianguka kwa sababu ya kapu!"

Alifinywa mpaka vidole vikauma.

Kule barazani wifi alisikia. Alikuja akasimama, mwiko mkononi, uso umemshuka. "Lile kapu bovu? Mbona hakuna aliyeniambia?" Kisha akakumbuka ni nani aliyepaza sauti kumwambia, akakaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu. "Nisamehe, wifi yangu. Nilidhani nakutendea wema."

Kapu lilikwisha kwenda na mkokoteni. Binti akaleta boksi la rangi la baba yake, akasimama katikati ya chumba asijue alijaze nini. Nguo zote zilikuwa mbichi kwa mvua. Mama Bakiza akaanza kulivuta blanketi alilojifunika. Akalisukuma, likaanguka chini.

"Haiwezekani," alisema mumewe. "Mgonjwa alale na baridi kwa ajili ya maharage?"

"Anataka hivyo, Baba."

Walikwangua mkaa wa mwisho, wakachemsha, wakafukia sufuria ndani ya blanketi. Lakini binti hakuwa na subira. Alifunua kuchungulia, akafunua tena, mvuke wote ukaondoka. Walipopakua, maharage yaligonga sahani kama kokoto. Msichana akaitupa sahani akakimbilia uani, akasimama kwenye mvua. Mama Bakiza akageuza uso ukutani. Blanketi lilikuwa limelowa mvuke, basi usiku ule walimfunika makoti ya kazi ya mumewe, yanayonuka rangi.

Asubuhi alikuja mwalimu mmoja kutoka shuleni, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Alisema pole nyingi. Mwisho akasema jikoni wameweka mpishi mwingine, wangefanyaje, watoto lazima wale. Mumewe akamshukuru na kumsindikiza hadi langoni. Aliporudi hakuingia ndani. Alipasua ngazi yake ya mbao, ile fupi aliyoanzia kazi, akawasha vipande jikoni, akasema, "Haya, jaribuni tena."

Safari hii sufuria ilipoingia kwenye boksi, wifi alivuta kigoda akakikalia mbele yake, miguu kaitanua. "Atakayegusa hapa atanikuta. Hata wewe mwenye nyumba." Kitinda mimba alipouliza kama mtu wa kapu amerudi, shangazi yake akamwambia ndiyo, na hapendi kuchunguliwa. Alikaa pale hadi mchana, akisinzia, akishtuka, akikataa hata kwenda msalani.

Yaliiva. Hayakuwa laini kama yake, chumvi ilizidi, lakini yalipondeka kwa ulimi. Mumewe alimlisha kijiko kwa kijiko, akimpangusa upande wa mdomo uliolegea. Blanketi lilirudishwa likiwa bado na joto la sufuria. Wifi alimfunika nalo, akalia sana kuliko wote, kisha akala sahani mbili.

Kazi ya shule ilikuwa imekwenda. Maji hayajarudi, na ulimi wake ulikuwa pale pale. Binti alipangusa mikono, akaketi tena kwenye benchi.

"Sasa mabonge ya vumbi la mkaa, Mama. Unachanganya na nini? Unga?"

Mkono haukujibu. Ulikuwa umechoka, umelala kwenye kiganja cha msichana.

"Majivu? Karatasi? Udongo?"

Msichana alirudia, "Udongo?" akangoja. Polepole sana, kidole kimoja kikakunjwa, kisha cha pili.