Hodi Moja Mchana wa Ijumaa

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi sikusimuliwa, yalinifika mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika hoteli niliyokuwa nikifanya kazi Diani.

Seva yetu, ile kompyuta iliyotunza majina ya wageni wote, ilizimika, na ilipowaka ikakataa kufunguka. Neno la siri la msimamizi alilijua mtu mmoja tu, Mwanamisi wa Waa, mchumba wangu, na Mwanamisi tulikuwa tumemzika kabla ya Ramadhani. Meneja, mtu wa bara, akaniambia, "Ikifika jioni bado, fundi wa Mombasa anafuta kila kitu, tunaanza upya. Sawa?"

Sawa ipi? Chini ya kila mgeni aliyempokea, Mwanamisi alikuwa ametia jina lake mwenyewe. Mle ndani ndimo alimobaki.

Ijumaa wenzangu wakaenda msikitini, mimi nikabaki na mashine. Nikakumbuka alivyonifundisha: seva huweza kuwashwa bila ulinzi, ikamkubali kila aingiaye pasi na kumuuliza ni nani. Unaweka neno jipya, kisha unaizima na kuiwasha tena na ulinzi wake. Nikaiwasha hivyo. Ikanguruma.

Hapo nikasikia hodi. Moja tu. Nasi tumelelewa tukijua: jua la utosi, hodi moja huiitikii, unangoja ya tatu. Mimi nikasema karibu.

Niamini, alikuwa yeye, na baibui lake na harufu ya asumini.

"Hata salamu hunipi?"

Nikalia. Nilikuwa nimemtamani mno hata hofu haikupata nafasi. Akaketi, akaweka neno jipya, akaninong'oneza neno lenyewe.

"Sasa msimamizi ni wewe. Lifute jina langu, kisha uwashe na ulinzi. Nipumzike."

"Kaa kidogo, Mwanamisi."

"Nimeshakaa, mpenzi."

Nikaizima, nikaiwasha na ulinzi wake. Kiti kilikuwa kitupu, na majina ya wageni wote yalikuwamo kwenye seva. Lakini jina lake sikulifuta. Wewe ungeweza?

Seva ile ilitupwa zamani, na kila mpya ikija, nalihamishia humo jina lake. Sijaoa. Basi nisikilize: wako aliyekufa akikuomba umwachie aende, mwachie. Mimi nilimzuilia jina ndani, yeye mwenyewe nikamfungia nje. Kila Ijumaa wenzangu wakienda kuswali, hupigwa hodi moja mlangoni. Naitikia karibu, karibu mpenzi. Haingii mtu.