Uzito wa Shanga

Miaka niliyokaa kwenye kaunta ya ndege pale Lodwar, kazi yangu kubwa ilikuwa kungoja. Nikingoja, niliandika nyuma ya daftari la abiria maana za maneno ya kazi, kwa sababu zile za kwenye mwongozo zilinikera. Mtandao: kitu kilichokuwepo asubuhi. Nenosiri: neno linalojulikana na ofisi nzima isipokuwa anayelihitaji. Njia ya kurukia niliieleza kuwa mahali ambapo mbuzi hukumbuka kupita ndege ikionekana. Mzigo niliupa maana fupi: chochote ambacho abiria anaweza kukivua au kukiacha. Hiyo niliiona ya busara sana.

Asubuhi moja alifika mama mmoja kutoka Lorugum, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Bintiye alikuwa hospitalini Nairobi, angepasuliwa kesho yake. Alinisalimu ejok, nikamjibu, nikampandisha kwenye mizani, maana ndege zetu ni ndogo na mtu hupimwa pamoja na furushi lake. Furushi lenyewe lilikuwa leso moja tu. Shingoni alikuwa na shanga kuanzia mabegani hadi kidevuni.

Ndege ilitua kutoka Kakuma ikiwa karibu kujaa. Rubani akanitajia kilo zilizobaki. Nikajumlisha kwa kalamu, kwa kuwa kompyuta yetu ilikuwa imekufa na ilikuwa ndani ya boksi, ikisubiri ndege hiyohiyo iende Nairobi kutengenezwa. Tulizidi kwa kilo nne.

Nikamwambia avue shanga, nitamtunzia. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye kanuni, na nilikuwa na njaa. Hakukasirika. Alinieleza polepole.

"Hii si mzigo. Hii mama anatoa kama amefiwa. Msichana yangu akiniona shingo tupu, atajua ni yeye nimekuja kulilia."

Mimi nimezaliwa hukuhuku. Desturi hiyo niliijua tangu utotoni, na bado nilikuwa nimenyoosha mkono nipokee shanga. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Rubani alitazama saa. Alisema kilo ni kilo, na hakukosea. Basi nikaenda kwenye toroli la mizigo, nikashusha boksi la kompyuta. Lilikuwa na kilo tisa. Mama akapanda, rubani akamfunga mkanda, mbuzi wakapita, ndege ikaondoka.

Mkubwa wangu alipiga simu kutoka Nairobi kuuliza kompyuta iko wapi. Nikamwambia imekosa nafasi. Akauliza imekosaje nafasi wakati ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Kwa wiki tatu niliandika kila kitu kwa mkono, na sikuona tofauti. Ile maana ya mzigo niliifuta, nikaandika: kompyuta.

Wiki hizo zote, kila ndege ya kutoka Nairobi ilipotua nilitoka nje kutazama wanaoshuka, jambo ambalo halikuwa katika kazi yangu. Niliogopa, na sikumwambia mtu. Siku aliyorudi nilimtambua kwa leso yake, akiwa bado juu ya ngazi. Uso niliuacha kwanza, nikatazama shingo. Shanga zilikuwepo zote.