Dagaa wa Mgeni Rasmi Juu ya Gari la Kunasa Droni

Leo nacheka kwa sababu nimeshaoa, lakini jamani, siku ile sikucheka, na mpaka sasa nikipita soko la samaki la Kibirizi mtu akaigiza king'ora kwa mdomo nageuza shingo kama nimeona rafiki ng'ambo ya barabara. Aibu ninayo, siifichi. Ila bora niwasimulie mwenyewe, maana wachukuzi wa pale mwaloni wameshaitia chumvi mpaka wanasema eti mgeni rasmi alirukia mtumbwi akakimbilia Kongo. Hakurukia mtumbwi. Alifungiwa stoo tu.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kampuni moja ya ulinzi pale mjini (jina tuliache, wameteseka vya kutosha), nao walikuwa wamepata gari jipya la kunasa droni. Siku hizi droni zimejaa, kuna za harusi, kuna za kupima mashamba, halafu kuna ile inayokuja hujui imetumwa na nani na imebeba nini, na hiyo ndiyo tuliyolipwa kuisubiri. Gari lenyewe kubwa, jeupe, paa bapa kama meza. Kwenye kona za paa kuna rada, katikati kuna antena za kunasa mawimbi ya rimoti, na mbele kuna kamera kwenye kijiti kifupi, inageuka huku na huku. Ndani nakaa mimi, vioo vyeusi, kiyoyozi, natazama skrini. Kitu kikiruka karibu, nukta inatokea. Ikiwa kijani ni salama, ikiwa njano ni ya kutazamwa, ikiwa nyekundu ni ya adui. Na sheria kuu tuliyofundishwa ilikuwa moja: nukta ikiwa nyekundu usiguse king'ora kabla hujaiona kwa kamera. Sheria nyepesi kabisa, hata mtu mwenye usingizi angeishika.

Sasa, nilikuwa nampenda Yuditha. Mama yake, Mama Yuditha, ni mfanyabiashara wa dagaa hapo Kibirizi, mama wa Kiha mwenye msimamo, akikutazama unaanza kukumbuka makosa ambayo hujayafanya bado. Mshenga wangu alishakwenda akarudi mikono mitupu. Mama alimuuliza huyo kijana analinda nini, mshenga akasema analinda anga. Mama akafikiri kidogo akasema, "Mlinzi wa geti tunaliona geti. Huyu analinda hewa. Binti yangu simtoi kwa mtu anayelinda hewa." Basi habari ikasambaa soko zima, nikawa naitwa Mlinda Hewa mpaka na wauza mihogo. Mshenga akaniambia atarudi mara moja tu, Jumapili inayofuata, na akikataliwa tena nisimtafute.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo kulikuwa na ufunguzi wa banda jipya la samaki, na mgeni rasmi alikuwa mkubwa wa kutoka mbali, mwenye msafara. Gari letu likapangiwa kusimama kilimani, juu ya barabara, mahali palipo wazi. Lakini nikatazama kule chini nikamwona Mama Yuditha kwenye chanja zake za kuanikia, nikajiambia nikisimama karibu naye ataona kwa macho yake kwamba hii ni kazi ya maana, ina antena, ina redio, ina taa. Kilimani na pale chini ni palepale tu, nikasema. Nikashuka nikaegesha kando ya chanja za dagaa. Hilo ndilo kosa lenyewe, mengine yote yalilifuata kama mkia.

Alfajiri mvua ilikuwa imenyesha. Mchanga umelowa, chanja zimelowa, na kibaya zaidi, dagaa wa zawadi walilowa. Kina mama walikuwa wamemchagua Mama Yuditha kumkabidhi mgeni rasmi kapu la dagaa wateule, waliokaushwa wakang'aa, na sasa dagaa hao walikuwa wamelegea kama uji. Jua lilikuwa limetoka kali, lakini pa kuanika hapakuwepo. Mama akanijia. Nikaruka nje ya gari, nikainama, nikasema shikamoo, na nikaongeza "mwakeye" ya Kiha ili ajue sikulelewa porini. Akaitikia, halafu akaweka kiganja juu ya paa la gari, akakiacha hapo.

"Baba," akasema (na mjue hajawahi kuniita baba, kabla ya hapo nilikuwa "yule"), "bati lako limeshika moto. Niache nianike dagaa wa mgeni kidogo, wakikauka natoa."

Ningesema nini? Nyie mngesema nini? Mama mkwe anakuomba kitu mara ya kwanza, umwambie mama, hii ni mitambo ya kampuni? Nikasema anika mama, tena nikamletea kreti apandie. Akatandika kipande cha wavu kati ya rada na rada, akamwaga dagaa, akawasambaza vizuri kwa vidole. Mimi nikarudi ndani kwenye kiyoyozi changu, moyo mweupe, nikimwona Yuditha na shela. Nisichokiona ni kwamba mama, kwa wema wake, aliona ile kamera itanuka samaki, akavua kanga yake moja akaifunika akaifunga na fundo. Kina mama wote siku hiyo walivaa sare, kanga nyekundu zenye michoro ya korosho.

Msafara ukaja, ngoma zikapigwa, mgeni rasmi akapanda jukwaani na karatasi zake. Pembeni yake alisimama bosi wangu, Bwana Kitwe, na redio yake mkononi, kifua mbele. Skrini yangu ilikuwa kijani tupu. Halafu ikatokea nukta moja ya njano. Ikaja ya pili. Zikaanza kuzunguka.

Hapa niwaeleze kitu. Mtambo ule humtambua ndege kwa kupiga mabawa, kinachopiga mabawa unakiita ndege, unanyamaza. Lakini mwewe wa ziwani mnamjua. Upepo wa Tanganyika ukivuma anatandaza mabawa tu, anatulia hewani hapo hapo, hapigi hata moja, anatazama kitoweo chako. Mtambo haukuwa umefundishwa mwewe wa Kibirizi. Ukaona vitu vidogo, vimetulia hewani, halafu vinashuka taratibu kuelekea kwenye gari. Nukta zikawa nyekundu, nyingi, na zote zinanijia mimi.

Nikageuza kamera. Giza. Nikaigeuza upande wa pili. Giza, ila giza jekundu, lenye korosho. Nawaapia sikuwaza kanga hata kidogo. Niliwaza adui amepofusha kamera yangu kwa teknolojia ambayo hatukufundishwa. Nikashika redio nikamwambia bosi kwamba zinakuja, ni kundi, kamera imezibwa na naona korosho.

"Unaona nini?" akauliza.

"Korosho, bosi."

Halafu akauliza swali moja tu la maana siku ile nzima, kama nimeziona kwa macho. Nami, na hapa ndipo natamani dunia ipasuke, nikamjibu nimeziona, na nikabonyeza king'ora.

Ngoma zikakatika. Walinzi wakamnyanyua mgeni rasmi na karatasi zake, wakamkimbiza kwenye mlango wa karibu, ambao ulikuwa wa stoo ya dagaa, wakamsukuma ndani wakafunga. Watu wakalala chini, wengine wakaingia ziwani mpaka kiunoni na viatu vyao vya sherehe. Na mimi humo ndani nikaanza kusikia vishindo juu ya paa, du, du, du. Nikasema tayari, wanaangusha vitu. Nikafikiri, zinanifuata mimi, nikibaki hapa nitaua watu, na Mama Yuditha yuko pale pembeni. Kwa hiyo (msicheke bado) nikaamua kujitoa mhanga. Nikawasha kipaza sauti nikatangaza, "Laleni chini, zinanifuata mimi," nikakanyaga mafuta.

Njia ya kutokea ilikuwa moja, nayo ilipita mbele ya jukwaa. Sasa fikirieni kile walichokiona waliolala chini. Gari kubwa jeupe linapiga king'ora, kanga inapepea mbele kama bendera, dagaa wanamwagika kama mvua, na nyuma yake mwewe na kunguru wa mwambao mzima wanalifuata wakidaka wanachoweza, huku sauti ya kishujaa ikiwaambia walale chini. Mimi nilikuwa natazama mbele tu. Nilipokaribia hema la wageni nikakuta kamba, nikafunga breki, na dagaa wote waliobaki wakateremka kutoka paani wakafunika kioo. Nikawasha waipa. Nawaambia ukweli, niliwasha waipa. Zikawa zinawasukuma dagaa huku na huku, na mimi nawatazama wanavyokwenda na kurudi, ndipo akili ikaanza kunirudia kidogo kidogo. Gari likagusa nguzo ya hema, hema likajishusha taratibu juu ya viti. Mwewe mmoja akatua kwenye boneti, akachagua dagaa mnene, akaanza kula.

Nikazima king'ora nikateremka. Stoo ikafunguliwa, mgeni rasmi akatoka na suti imejaa magamba, dagaa mmoja amenasa kwenye tai. Bwana Kitwe alikuwa amesimama pale rangi imemtoka. Mgeni rasmi akatazama gari, akatazama kanga, akauliza kwa upole mbaya sana, nani ameanika dagaa juu ya gari la usalama.

Nikageuza macho. Kina mama wote walikuwa wameinuka, kila mmoja ana kanga mbili za korosho, ya chini na ya juu. Mmoja tu ndiye alikuwa na moja. Mama Yuditha alikuwa amekunja mikono kifuani kujificha mabega, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitazama chini. Nikajua nikimtaja nabaki na kazi, kosa litakuwa la mama mmoja wa sokoni asiyejua mitambo. Nikajua pia ataaibika mbele ya watu wake wote, siku aliyochaguliwa yeye, na mimi Jumapili nisiwe na pa kumtuma mshenga.

"Dagaa ni wangu, mheshimiwa," nikasema.

"Na kanga?"

"Yangu pia."

Akanitazama kutoka viatu mpaka kofia. "Unajifunga wewe?"

"Nikiwa nyumbani, mheshimiwa."

Basi Kibirizi ikapasuka. Watu walicheka mpaka wale wa ziwani wakawa wanashikana wasizame. Mgeni rasmi mwenyewe alianza kwa kuuma midomo, akashindwa, akamtoa yule dagaa kwenye tai akanikabidhi kama hati ya mashtaka, akaenda kukata utepe. Kina mama wakachanga dagaa wakavu kutoka stoo ileile, kapu likajaa, na Mama Yuditha akalikabidhi akiwa amejitanda kanga ya kuazimwa. Bwana Kitwe yeye alininyang'anya funguo, na Jumatatu nikajikuta nalinda geti la ghala la mbao pale Mwanga mjini, kwa mshahara ambao hata kuutaja ni kuwasumbua.

Ila Jumapili mshenga alikwenda. Hakutaka, nilimsukuma. Akarudi jioni amenenepa mashavu kwa ugali na migebuka, akaniambia hakuulizwa kuhusu mahari wala ukoo. Mama aliuliza tu kama kweli sasa nalinda geti. Alipoambiwa ndiyo, akaingia ndani akatoka na ile kanga, imefuliwa na kukunjwa, akasema, "Mpelekee mwenyewe. Aliwaambia watu wote ni yake, asije akaonekana mwongo." Halafu akamwita Yuditha aje amsalimie mgeni.

Nililia kidogo, sifichi.

Kwa hiyo mkiniona sasa hivi siruhusu mtu aweke hata kofia juu ya gari lolote nililopanda, mjue nimeapa. Kanga ninayo, na ndiyo, nyumbani najifunga, maana mke wangu anasema lazima. Na siku nikiwa sina zamu getini nawakuta mama mkwe na dagaa wake pale Kibirizi, ananipa kigoda na fimbo ndefu, ananionyesha mwewe waliotanda juu ya chanja, wametulia na upepo, hawapigi bawa.

"Baba," ananiambia, "linda hewa."

Naitika "ego, mama," nakaa, nainua fimbo.