Niuzibe Ukuta wa Bi Somoe?

Admin, nifichie jina, mume wangu naye yumo humu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, naishi Mtwara mjini kwenye nyumba za kota. Nimechoka jamani, mnisamehe nikiandika ovyo.

Niliingia kota hizi miaka ya tisini, bibi harusi kutoka Songea, simjui mtu. Mume wangu alikuwa mtumishi bandarini, ndiyo tukapewa nyumba. Nyumba zilikuwa chakavu, bati zinavuja, lakini milango ya nyuma yote ilitazama uwanja mmoja. Hapo tulipika, tulianika muhogo, tulisukana. Jirani yangu Bi Somoe, mama wa Kimakonde anayeishi na mwanawe dereva, ndiye aliyenizoesha mji. Kila Jumamosi aligonga mfuniko wa sufuria, kwa, kwa, kwa! "Haya wanawake, chemba hizo!" Tunatoka na mafagio na fito, tunazibua mashimo hayo ya maji machafu huku tunataniana. Ukijifanya mgonjwa utasemwa wiki nzima.

Miaka ya elfu mbili ukaja mradi wa ukarabati. Kwenye mkutano waliitwa waume zetu, wakaulizwa rangi ya milango. Sisi wazibuaji hakuna aliyetuuliza hata tunapikia wapi. Kazi ilipokwisha, lo, tulipiga vigelegele! Vigae, masinki, bati jipya, na kila nyumba imezungushiwa ukuta wake wa nyuma. Mume wangu akatembea kifua mbele utadhani kajenga yeye. Safu ya mwisho mkandarasi aliondoka kabla ya kuwajengea ukuta. Tuliwacheka sana.

Basi ndiyo hivyo. Jiko la ndani na mkaa, ni kukohoa tu. Jumamosi Bi Somoe akagonga mfuniko wake, nani atoke, apite wapi? Chemba moja iko kwangu, nyingine kwake, nyingine kwa yule, na kila mtu anasema imeziba kwa mwenzie. Uchafu ukaanza kupanda kwenye vigae vipya. Tumelalamika ofisini mpaka midomo imekauka. "Mama, mradi ulishafungwa, fungu la matengenezo hatuna." Wale wa safu ya mwisho bado wanazibua pamoja, na kwao hakunuki.

Masika yaliyopita Bi Somoe aliteleza kwenye maji hayo uani kwake, akavunjika nyonga. Mwanawe alikuwa safarini. Hakuweza kuinuka, akauvuta mfuniko, akagonga. Nilimsikia! Lakini mlango wa mbele alikuwa ameufunga kwa ndani, na ukuta umenizidi kimo. Nikabaki upande wangu nalia, "Nakuja, Bi Somoe, nakuja," na siendi popote. Vijana wa kota walipovunja mlango, kanga yake yote ilikuwa imelowa uchafu. Aliporudi kutoka hospitali nilichukua nyundo nikatoboa ukuta mpaka mtu akapita. Sikumwomba mtu ruhusa.

Tangu hapo nampitishia uji, namwogesha, nazibua chemba zetu mbili huku yeye yuko kwenye kigoda ananisimanga, "Mngoni wewe, fagio hulijui!" Majirani wengine nao wakaanza kutoboa kuta zao. Ndipo afisa wa nyumba akaja.

"Mama, huu ni uharibifu wa mali ya mradi. Ziba kabla ya ukaguzi, la sivyo nyumba anapewa mtumishi mwingine."

Mume wangu naye kashika hapohapo. "Ziba. Hatuwezi kulala nje na watoto kwa ajili ya mtu ambaye hata si ndugu yako."

Si ndugu yangu! Mwanamke aliyenikanda tumbo kila uzazi, mama yangu akiwa Songea? Hata nguvu ya kugombana sina. Na watoto nao ni wangu, naogopa.

Jana natoka sokoni nikamkuta Bi Somoe amekaa chini kwenye lile tundu, mkongojo pembeni, anaokota vipande vya matofali na kuvipanga upande wangu. Nikamuuliza, "Bi Somoe, unafanya nini?"

Hakuniangalia. "Ziba, mwanangu. Nikianguka nitagonga, utanisikia."

Kumsikia nitamsikia. Nikishamsikia, je? Ukaguzi ni wiki ijayo. Nishaurini ndugu zangu, matofali bado yako pale alipoyapanga.